Tafuta muhula kwanza, nchi baadaye

Ukitaka kwenda kusoma nje muhula mmoja, usianze na nchi. Najua wengi ndivyo wanavyoanza: mmoja ameona picha za theluji za binamu yake, mwingine amesikia kwamba Ujerumani vyuo vya serikali havitozi karo, wa tatu hamu yake ni kupanda ndege tu. Wananijia na jina la mji mdomoni, na nikiwauliza muhula ujao wana yuniti gani, yaani masomo gani, wanaanza kupekua simu. Hapo huwarudisha nyumbani wakalete mpango wa kozi yao yote, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo tuzungumze.

Mimi si profesa. Nilikuwa karani wa idara katika kitivo cha uhandisi, chuo kimoja cha upande huu wa magharibi mwa Kenya, na kazi yangu ilikuwa kushika mafaili: nani amesajiliwa yuniti gani, alama za nani hazijafika, nani yumo kwenye orodha ya mahafali na nani ametolewa dakika ya mwisho. Nimestaafu sasa, nakaa Kisumu upande wa Mamboleo, na watoto wa majirani na wa kanisani bado wananiletea karatasi zao. Ninayoeleza hapa ni ya mwanafunzi mwenye shahada iliyobanana, iwe uhandisi, uuguzi, udaktari au ualimu wa sayansi, anayetaka kwenda nje muhula mmoja kisha arudi amalize pamoja na wenzake. Anayetaka kuhama kabisa ana safari tofauti.

Karatasi ya manila

Nunua karatasi ya manila, ile wanayotumia watoto wa msingi, uibandike ukutani. Gawanya safu, kila muhula na safu yake. Kwa mhandisi ni safu 10 za miaka mitano. Andika yuniti zote, hata zile za chuo kizima ambazo wanafunzi huzidharau. Kisha chukua kalamu nyekundu uchore mshale kutoka kila yuniti hadi ile inayoitegemea. Hisabati ya mwaka wa kwanza inaingia ya mwaka wa pili, hiyo inaingia Nadharia ya Miundo, Nadharia ya Miundo inaingia Usanifu wa Zege. Ukikwama, muulize mkuu wa idara akuonyeshe kitabu cha mtaala. Kiko kabatini, na una haki ya kukisoma.

Ukimaliza, zungushia duara kila yuniti inayofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Hizo ndizo zenye sumu. Ukiikosa ya Septemba, utaisubiri hadi Septemba nyingine, na kama mshale wake unaingia kwenye mradi wa mwaka wa tano, umejipa mwaka wa sita bila kujua.

Sasa ramani itazungumza. Miaka miwili ya kwanza iache ilivyo, mishale yote inaanzia huko. Mwaka wa tano nao uache: mradi wa mwisho unakula mihula yote miwili, una msimamizi, una maabara, na hauwezi kufanywa kwa WhatsApp. Kinachobaki ni mwaka wa tatu na wa nne. Lakini baada ya hiyo kuna atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kati ya Mei na Agosti, na mwenye kampuni hatakungojea urudi. Kitabu chako cha kumbukumbu kinataka saini ya kila wiki. Mtu aliye Ulaya hadi mwanzoni mwa Juni amekwisha poteza mwezi wa atachimenti. Ndiyo sababu kwa wahandisi wengi niliowaona, muhula uliofaa ulikuwa ule wa kwanza wa mwaka wa nne, Septemba hadi Desemba. Usilichukue hilo kama sheria. Chora yako.

Wauguzi wana ugumu wao. Baraza la Wauguzi linataka mazoezi ya wodini yaliyotiwa saini, na hospitali ya nje haitakuruhusu kumgusa mgonjwa ambaye huwezi kuzungumza naye kwa lugha yake. Kwa hiyo mwuguzi atafute muhula wenye nadharia nyingi: afya ya jamii, utafiti, uongozi. Wanafunzi wa udaktari wana mlango wao, kipindi cha elektivu, ambapo huchagua wenyewe pa kufanyia mazoezi, na ndipo safari nyingi hupangwa. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, kwa mfano, kimebadilishana wanafunzi wa udaktari na Linköping ya Sweden kwa muda mrefu. Mwalimu naye aangalie mazoezi ya kufundisha yasimpite, na kila kozi atakayosoma nje iangukie katika mojawapo ya masomo yake mawili ya kufundishia. Ukirudi na kozi nzuri ya falsafa ya mazingira na wewe ni wa Hisabati na Kemia, utaifurahia peke yako.

Na mwenye sapu mkononi, yaani mtihani wa kurudia wa yuniti aliyoanguka, namwambia akae. Safisha rekodi kwanza. Sapu hufanywa tarehe chuo kinayotaka, na tarehe hiyo ina tabia ya kuangukia ukiwa mbali.

Kalenda zisizopatana

Ukishajua muhula wako, sasa unaweza kutazama nchi, na utaona nyingine zinajiondoa zenyewe.

Sweden muhula wa vuli huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha katikati ya Januari. Muhula wetu wa Januari utakuwa umefunguliwa, lakini ukikosa wiki mbili tatu za kwanza hujafa. Tena wao mara nyingi hawasomi kozi zote kwa pamoja kama sisi. Wanasoma moja au mbili, wanafanya mtihani, ndipo wanaanza nyingine. Mtihani wa kozi za mwanzo huja vuli ikiwa bado katikati. Kabla ya kuchagua kozi, tafuta tarehe ya mtihani wake wa mwisho. Kozi mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu, moja ikaisha kabla ya Krismasi na nyingine ikakubakisha huko hadi Januari.

Ujerumani ni habari nyingine. Muhula wao wa baridi rasmi ni tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi; masomo yanakwenda hadi Februari, na mitihani inafuata. Wa kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba. Yaani ukichukua muhula mmoja wao umekula miwili yetu. Nina heshima kubwa kwa vyuo vya Wajerumani, na ofisi ya Nairobi ya DAAD, shirika lao la kubadilishana wanafunzi, inasaidia watu kweli, lakini mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye kozi iliyobanana namshauri aiweke Ujerumani kwa ajili ya shahada ya pili.

Busia pia ni nje

Nikisema hivi vijana hucheka. Nje kwao lazima kuwe na baridi. Lakini hebu hesabu.

Chuo Kikuu cha Makerere, kule Kampala, Uganda, kilianzishwa 1922. Muhula wake wa kwanza huanza Agosti na kwisha Desemba, karibu sawa na wetu. Kozi zake zinapimwa kwa vizio ambavyo kimoja ni saa 15 za darasani, kwa hiyo kozi ya vizio vitatu ni saa 45, na hiyo ndiyo yuniti yetu hasa. Mkuu wa idara hana cha kukokotoa. Tangu 2014 Mkenya anavuka kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na basi la usiku kutoka Kisumu kupitia Busia linakufikisha Kampala asubuhi. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki makao yake yako hukohuko Kampala, na 2017 marais wa jumuiya walitangaza eneo zima kuwa la elimu ya juu ya pamoja. Bado chuo kwa chuo lazima waandikiane, tangazo la marais halimalizi kazi ya karani, lakini mlango uko nusu wazi tayari.

Mwanafunzi wa kilimo anayetaka kuona jinsi migomba inavyotafitiwa, au wa afya ya umma anayetaka kujua Uganda inavyopambana na magonjwa ya mlipuko, atajifunza zaidi Kampala kuliko mahali atakapotumia nusu ya muhula akijifunza kuwasha hita. Siwazuii wengine. Nasema tu iwekwe mezani.

Kupima yuniti

Hapa ndipo safari nyingi hufa, na si kwa sababu ya viza.

Kwetu yuniti moja kwa kawaida ni saa 42 au 45 za darasani: saa tatu kwa wiki, wiki 14 au 15. Unachosoma usiku hakihesabiwi. Ulaya wanapima jasho lote la mwanafunzi, la darasani, la maabara, la maktaba na la mtihani, kwa mfumo wa ECTS. Pointi moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Muhula ni pointi 30, mwaka 60. Sasa chukua yuniti yako ya saa 45. Mwanafunzi mwenye bidii husoma mwenyewe mara mbili ya hizo, jumla saa 135. Gawanya kwa 27, ambayo iko katikati ya 25 na 30: pointi tano. Kwa hiyo yuniti sita zetu ni muhula kamili wa kwao. Iandike hesabu hiyo kwenye karatasi uende nayo kwa mkuu wa idara, kwa sababu ukimwambia tu kwamba kule utasoma kozi nne, atadhani unaenda kupumzika.

Na kweli ni kozi nne. Sweden kozi ya kawaida ina pointi 7.5, sawa na wiki tano za saa 40. Nne zinajaza muhula. Mhandisi wetu naye anabeba yuniti saba, wakati mwingine nane. Utazilinganishaje nne na saba? Si kwa majina. Ukilinganisha kwa majina utakwama siku ya kwanza. Linganisha mada: weka muhtasari wa yuniti yako kushoto, wa kozi yao kulia, pigia mstari kila mada inayokutana.

Nitoe mfano wa kijana mmoja wa Siaya, uhandisi wa ujenzi. Muhula wake wa kwanza mwaka wa nne ulikuwa na Nadharia ya Miundo ya Pili, Usanifu wa Zege, Mekanika ya Udongo, Haidrolojia, Uhandisi wa Barabara, Takwimu na Ujasiriamali. Kule alipata kozi nne: mekanika ya miundo, jioteknolojia, rasilimali za maji, na miundo ya zege. Nne kwa nne zikakutana. Zikabaki Barabara, Takwimu na Ujasiriamali.

Ujasiriamali ni yuniti ya chuo kizima, inafundishwa karibu kila muhula mahali fulani. Aliisoma mwaka wa tatu pamoja na watu wa biashara, jioni. Takwimu aliichukua pia mwaka wa tatu, na wanafunzi wa uhandisi wa mitambo ambao kwao iko mapema. Kwa hizo mbili aliomba ruhusa ya kuzidisha mzigo, maana kila kitivo kina kikomo cha yuniti kwa muhula, na ukijisajili kupita kikomo bila barua, mfumo utakukataa au, vibaya zaidi, utakukubali kisha alama zifutwe baadaye. Barabara haikuwa na mshale mrefu kwenye ramani yake. Aliibeba hadi mwaka wa tano akakaa na darasa la nyuma yake. Aliyemtazama akikimbia kutoka jengo hadi jengo alidhani ana ritake, kwamba anarudia yuniti nzima aliyoanguka.

Unaona basi kwamba safari ya mwaka wa nne ilipangwa mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Mapema zaidi ni bora.

Kuna jambo moja kuhusu yuniti za usanifu. Udongo ni udongo, maji ni maji, nguvu za boriti hazibadiliki mpakani. Lakini zege linasanifiwa kwa kanuni, na kanuni zina uraia. Ulaya wanatumia Eurocode 2. Huku kwetu bado kuna wahadhiri waliolelewa na BS 8110, ambayo Waingereza wenyewe waliiondoa 2010, na wanaipenda. Mhadhiri wa kijana yule alikubali kwa sharti: akirudi afanye zoezi kamili la kusanifu jengo kwa kanuni zinazofundishwa darasani mwake. Ni sharti la haki. Kama wewe una nafasi ya kuchagua, yuniti zinazofungwa na sheria za nchi, kama kanuni za ujenzi, sheria za kazi na ukadiriaji wa gharama, zisome nyumbani, na uende nje na zile za sayansi tupu.

Saini kabla ya tiketi

Katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, karatasi inayotawala kila kitu inaitwa mkataba wa masomo. Inasainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Ina majedwali mawili. Jedwali A ni kozi utakazosoma kule. Jedwali B ni yuniti za hapa zitakazohesabiwa kuwa umezifanya. Nimeona idara zikisaini A kwa tabasamu, maana haiwagharimu chochote, na B ikaachwa tupu au ikaandikwa “itajadiliwa akirudi”. Usiondoke na B tupu. Huyo mkuu wa idara anayekuahidi kwa mdomo anaweza kwisha muda wake ukiwa mbali, akaja mwingine asiyekujua. Nje ya Erasmus+ tumia fomu ya chuo chako, na kama haipo andika barua yenye majedwali hayohayo.

Anza chini uende juu. Mwone kwanza mhadhiri wa kila yuniti, si mkuu wa kitivo. Mwalimu akisikia habari ya yuniti yake kutoka kwa bosi, atatafuta sababu ya kukataa, na ataipata. Nenda asubuhi, msalimie vizuri, mpe muhtasari wa kozi ya kule ukiwa umeupigia mistari, na umwachie. Usisimame mlangoni ukingoja ausome. Rudi baada ya siku mbili tatu. Wahadhiri wote wakishakubali, mkuu wa idara huwa anasaini bila maneno mengi. Baada yake mkuu wa kitivo, kisha ofisi ya uhusiano wa kimataifa. Nakala ya kila hatua ikae kwako.

Halafu uliza habari ya alama, na uombe jibu kwa maandishi. Katika vyuo vyetu vingi vya umma kufaulu ni 40 na A ni kuanzia 70. Vyuo vya uhandisi vya Sweden kama Chalmers vinatoa 3, 4 au 5, na U kwa aliyeanguka. Hiyo 4 yao itaandikwa ngapi hapa? Ziko idara zinazoandika “amefaulu” tu, wastani wako ukahesabiwa kwa yuniti zilizobaki. Ziko zinazogeuza kuwa namba, na kila moja kwa kipimo chake. Kwa mtu aliye salama katikati ya daraja la pili, hilo halimnyimi usingizi. Kwa anayechezea kwenye 69 na kutafuta daraja la kwanza, ndilo swali lote, na anapaswa kujua jibu kabla ya kuamua kama anakwenda.

Uliza pia ukianguka kozi moja kule itakuwaje: utafanya sapu hapa au utairudia kule kwa mbali? Na transkripti, ile hati ya alama zako zote, itaonyesha nini, msimbo wa yuniti ya nyumbani au jina la kozi ya kigeni? Mhandisi atahitaji transkripti hiyo akienda kujisajili kwa Bodi ya Wahandisi, na heri pasiwe na yuniti inayoonekana kama pengo.

Kitu kimoja nitakisema kwa sauti. Usijaze fomu ya kuahirisha masomo. Kuna makarani, tena wenye nia njema, watakaokuambia ndiyo njia rahisi. Ukiahirisha, wewe si mwanafunzi kwa muhula huo: jina linatoka kwenye orodha ya waliosajiliwa, HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanakuona umesimama, na kozi ulizosoma nje zinakuwa ulizisoma ukiwa raia wa kawaida. Unatakiwa usajiliwe kama mwanafunzi aliye kwenye ubadilishanaji, na karo ulipe hapa kama kawaida. Hiyo ndiyo faida ya ubadilishanaji: unalipa nyumbani, kule hawakutozi.

Pesa na makaratasi

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu kila mtu anajua kuuliza habari ya pesa.

Ukipata nafasi ya Erasmus+, mwanafunzi anayetoka nchi kama yetu hupewa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kulingana na nchi, Sweden ikiwa kwenye 900, na nauli kulingana na umbali. Pesa hizo si lazima zifike kabla yako. Kodi ya mwezi wa kwanza tafuta nyumbani, na kama ni harambee, ifanye mapema na useme wazi ni ya nini. Watu wa kwetu huchangia tiketi kwa moyo kuliko “matumizi”. Ombi la HELB la mwaka unaofuata lifanye kabla dirisha halijafungwa, hata kama uko mbali. Basari ya kaunti na ya CDF, ule mfuko wa jimbo la uchaguzi, acha mtu wa kukufuatilia, mama au kaka, aliye na nakala ya kitambulisho chako na barua ya chuo.

Pasipoti omba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hata kabla ya kupata nafasi. Alama za vidole na picha unapeleka ofisi ya uhamiaji hapahapa Kisumu, au Nakuru, au Eldoret. Ya miaka 10 inakutosha. Kama ulishakuwa nayo, angalia inaisha lini, kwa sababu Sweden haikupi kibali kinachozidi uhai wa pasipoti. Na jua kwamba viza ya Schengen ya kawaida ni siku 90 tu. Muhula mzima unahitaji kibali cha ukaaji, unaombwa mtandaoni, kisha unakwenda ubalozini Nairobi kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Lazima uonyeshe una pesa za kuishi, zaidi ya krona 10,000 kwa kila mwezi, na barua ya ufadhili inahesabiwa. Tiketi nunua kibali kikishatoka.

Koti la baridi la mtumba kanunue soko la Kibuye siku ya Jumapili. Lilitoka kwao kwa bei yao, litarudi kwao kwa bei yetu.

Ukiwa huko, na ukirudi

Laini yako ya Safaricom iwashe huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kabla hujapanda ndege. Namba za siri za HELB, za benki na za eCitizen zinakuja hapo, na laini ikizimwa utajikuta umefungiwa nje ya maisha yako mwenyewe.

Wiki ya kwanza kule kuna uwezekano watakuambia kozi moja imejaa au imefutwa. Hutokea sana. Usichague nyingine kwa sababu tu mwenzako Mhispania anaisoma. Tuma barua pepe kwa idara yako siku hiyohiyo, ukiambatisha muhtasari wa kozi mbadala, uombe wakubali kwa kuandika, kisha jedwali la mabadiliko lisainiwe tena pande zote. Wako nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo ukiandika asubuhi yako ofisi ya huku tayari iko kazini. Hifadhi muhtasari wa kila kozi, kazi zote ulizoandika na maswali ya mitihani yanayoruhusiwa kutoka nayo. Mhadhiri wa nyumbani akitia shaka, hizo ndizo shahidi wako.

Jambo la mwisho la kule ni transkripti. Sweden mwanafunzi anajitolea mwenyewe nakala ya kidijiti yenye saini ya kielektroniki, na kwao hiyo inatosha kabisa. Huku kwetu ofisi ya mitihani inataka karatasi yenye muhuri wa wino, ikiwezekana ndani ya bahasha iliyofungwa. Omba zote mbili kabla hujaondoka, na kama alama ya kozi ya mwisho haijatoka, mwachie anwani mtu wa ofisi yao ya wanafunzi wa kimataifa na umkumbushe kwa heshima.

Ukitua, usingoje. Peleka transkripti idarani pamoja na nakala ya mkataba wenye majedwali yote mawili, uwe umeandika barua fupi inayotaja kila yuniti ya jedwali B na alama inayopaswa kuingia. Mwombe karani agonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yako. Muulize bodi ya mitihani ya kitivo inakutana lini, halafu siku chache kabla ya tarehe hiyo pita tena, ufungue ukurasa wako kwenye mfumo mbele yake, uone alama moja moja zimekaa mahali pake. Bodi ikishakaa bila alama zako, utangoja hadi ikae tena.